Popo wa mwembeni na wa darini: je, kuwafukuza kunatupunguzia hatari ya virusi?

Mjumbe wa Ujiji

Habari za leo, wanajukwaa. Katika mtaa wetu hapa Ujiji kuna mwembe mkubwa wa zamani ambao popo wa matunda hulala humo mchana kwa makundi, na jirani yake kuna shule ya msingi ambayo dari la madarasa mawili limejaa popo wadogo, kiasi kwamba mikojo yao imeshaweka madoa kwenye silingibodi na watoto wanalalamikia harufu. Kwa miaka mingi jambo hili lilichukuliwa kuwa kero ya kawaida. Hali ilibadilika baada ya ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi inayoua, kuripotiwa mkoani Kagera, kwanza Bukoba mwaka 2023 na kisha Biharamulo mwaka 2025, kwa kuwa Kagera tunapakana nayo upande wa kaskazini na wafanyabiashara wetu huenda huko kila wiki.

Katika kikao cha mtaa kilichopita wajumbe wengi walipendekeza mwembe ukatwe na dari lifukizwe moshi au lipuliziwe sumu. Mimi niliomba tuahirishe uamuzi hadi tupate maelezo ya watu wanaofuatilia utafiti, kwa sababu kila aliyesimama kuzungumza alisema "wanasayansi wamethibitisha", lakini hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kueleza wamethibitisha nini hasa. Ninaomba kujua popo gani wamepatikana na virusi gani, jambo hilo lilijulikana kwa njia ipi, na kama kuna mahali ambapo popo waliondolewa kwa nguvu ili tuone matokeo yake yalikuwaje.

Daktari wa Mifugo, Kasulu

Ndugu Mjumbe, umefanya vyema kuomba muda. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu lina jibu linalojulikana na limetoka nchi jirani.

Katikati ya mwaka 2007, wachimbaji katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg na mmoja wao akafariki. Ndani ya mgodi huo walikuwa wanaishi popo wa matunda zaidi ya laki moja wa aina iitwayo kitaalamu Rousettus aegyptiacus. Watafiti wa Uganda wakishirikiana na wenzao wa Marekani na Afrika Kusini walipima popo 611 wa aina hiyo na kukuta asilimia 5.1 wana virusi vya Marburg mwilini wakati ule ule, na katika baadhi yao walifanikiwa kuotesha virusi hai maabara. Hapo ndipo mashaka ya miaka 40 kuhusu mnyama anayetunza virusi hivyo yalipokoma, maana ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mwaka 1967 katika miji ya Marburg na Frankfurt huko Ujerumani, na Belgrade, baada ya wafanyakazi wa maabara kuambukizwa na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Tumbili walibebeshwa lawama kwa muda mrefu, ingawa wao wenyewe hufa kwa ugonjwa huo na kwa hiyo hawawezi kuutunza porini kizazi hadi kizazi.

Baada ya vifo vya Kitaka, wachimbaji waliamua kuwamaliza popo. Walitanda nyavu za samaki na matete kwenye midomo ya mgodi, wakaziba matundu kwa plastiki, na mizoga ikakutwa imerundikwa msituni. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena katika wilaya ya Ibanda, karibu na mgodi huo, na wagonjwa 15 wakathibitishwa maabara. Watafiti waliporudi Kitaka walikuta kundi dogo la popo limerejea, sehemu ndogo sana ya wale wa awali, lakini safari hii waliokuwa na virusi walikuwa asilimia 13.3. Popo walipungua, walioambukizwa kati yao wakaongezeka zaidi ya mara mbili.

Sababu yake inaeleweka. Popo aliyekwisha kuambukizwa na kupona hubaki na kingamwili, hivyo katika kundi lililotulia wengi huwa wameshapitia maambukizi na virusi hupata wenyeji wapya wachache. Ukiwaua wengi, nafasi inabaki wazi, na popo vijana wasio na kinga humiminika kutoka mapango mengine kuijaza. Uchunguzi wa Pango la Chatu ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, pale ambapo mtalii wa Uholanzi aliambukizwa mwaka 2008 na kufariki, ulionyesha kwamba virusi hupanda mara mbili kwa mwaka, na wanaoongoza kuwa navyo ni popo vijana wa umri wa karibu miezi sita, yaani wale walioanza kujitegemea na kupoteza kinga waliyorithi kwa mama. Basi anayechafua mpangilio wa umri katika kundi la popo anachochea kile anachokikimbia.

Sasa kuhusu mwembe wenu. Popo huyu wa Marburg halali mwembeni. Hulala pangoni, mgodini au mahali penye giza la namna hiyo, na ni miongoni mwa popo wachache wa matunda wanaoweza kujiongoza gizani kwa mlio, ambao yeye huutoa kwa kugongesha ulimi. Usiku anaweza kuja kula embe kwenye mti wowote, wenu au wa mtaa wa tatu, lakini kundi mnaloliona mchana likining'inia katikati ya majani ni la popo wengine. Mkiukata mwembe, mtakuwa mmewahamisha popo ambao hawajawahi kuthibitishwa kuwa chanzo cha Marburg, na yule anayehusika hamtamgusa.

Mfanyabiashara, Tabora Mjini

Pamoja na heshima zote kwa Daktari, mimi sijaridhika. Hapa Tabora miembe imejaa kila barabara na popo tumekuwa nao tangu enzi za babu zetu, watoto wanaokota maembe yaliyodondoshwa na popo na kuyala, na hatukuwahi kusikia Marburg. Kama wanyama hawa wana virusi vya kutisha kiasi hicho, tungekuwa tumekwisha. Na kama wao wenyewe hawaugui, nani ametuhakikishia kwamba virusi hivyo ni vyao na havikuwekwa tu kwenye ripoti ili miradi ipate fedha? Ninauliza kwa nia njema, kwa kuwa wananchi wa kawaida ndivyo wanavyoulizana.

Daktari wa Mifugo, Kasulu

Ndugu yangu wa Tabora, swali lako lina pande mbili na ninaomba nizitenganishe.

Upande wa kwanza una hoja ya kweli ndani yake. Duniani kuna zaidi ya aina 1,400 za popo, na walio wengi hawajahusishwa na ugonjwa wowote wa binadamu. Mwaka 2020 watafiti wawili, Mollentze na Streicker, walilinganisha makundi ya wanyama na ndege, wakaona kwamba idadi ya virusi vinavyoweza kumwingia mtu hufuata wingi wa aina za wanyama katika kundi. Panya na popo wana virusi vingi kwa kuwa aina zao ni nyingi, si kwa sababu wana laana ya pekee. Kinachowatofautisha popo ni kwamba vile vichache vinavyovuka kutoka kwao huwa vikali: Marburg, Nipah iliyoibuka Malaysia mwaka 1998 kupitia nguruwe, Hendra iliyoua farasi na mkufunzi wao huko Australia mwaka 1994, na SARS ya mwaka 2002, ambayo jamaa zake wa karibu walikutwa kwa popo wa mapangoni katika jimbo la Yunnan, China.

Hata Ebola, ambayo kila mtu huitaja pamoja na popo, bado ushahidi wake haujakamilika. Mwaka 2005 vipande vya vinasaba vya virusi hivyo na kingamwili zake vilikutwa katika aina tatu za popo wa matunda huko Afrika ya Kati, lakini hakuna aliyefanikiwa kupata virusi hai vya Ebola kutoka kwa popo wa porini. Yule Rousettus anayetunza Marburg, alipochomwa Ebola katika majaribio, mwili wake haukuipokea vizuri. Kwa maneno mengine, aina moja ya popo na aina moja ya virusi huzoeana. Si kila popo ni ghala la kila virusi. Anayesema "popo wana Ebola" kwa mkupuo amekwenda mbele kuliko watafiti wenyewe.

Upande wa pili, kuhusu popo kutougua, umechunguzwa kwa kina. Mnyama anayeruka kwa nguvu za misuli yake hutumia nishati nyingi mno, na seli zake huchakaa na kumwaga vipande vya vinasaba mahali visipotakiwa kuwa. Katika mwili wa binadamu vipande hivyo vingepigiwa king'ora na mwili ungevimba kwa hasira. Popo wamepunguza sauti ya king'ora hicho: protini iitwayo STING, inayopokea taarifa hizo, ina badiliko linaloifanya iwe dhaifu kwao, na njia nyingine ya kuwasha uvimbe, NLRP3, nayo imefifishwa. Wakati huo huo baadhi ya popo huweka kinga za awali dhidi ya virusi zikiwa macho muda wote. Matokeo yake ni kwamba virusi hudhibitiwa bila mwili kujiumiza. Sisi, vikituingia, sehemu kubwa ya madhara hutokana na mwili wetu wenyewe kupambana bila kiasi.

Nalo suala la miradi kupika taarifa, fikiria jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Popo hunaswa kwa wavu mwembamba jioni, hupimwa uzito na urefu wa mkono, huchukuliwa ute wa mdomoni, kinyesi na tone la damu kutoka mshipa wa bawa, kisha wengi huachiwa usiku ule ule. Sampuli hugandishwa katika naitrojeni ya maji na kupelekwa maabara. Virusi vya Marburg kutoka kwa mgonjwa na vile vya popo vikisomwa herufi za vinasaba vyake, hukutwa vinafanana kama ndugu wa tumbo moja, na maabara za nchi tofauti zimefikia jibu hilo hilo. Rwanda, mwaka 2024, mgonjwa wa kwanza alifuatiliwa hadi kwenye machimbo yenye popo hao hao. Watu 66 waliugua na 15 wakafariki. Kwetu Biharamulo watu 10 walihesabiwa, wawili kwa vipimo vya maabara na wanane kwa dalili na mazingira, na wote walifariki.

Afisa Ugani, Urambo

Naomba niingie hapa kwa jambo linalotuhusu sisi wa tumbaku. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti kutoka msitu wa Budongo, Uganda, ambao ungefaa kujadiliwa katika kila chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, Tabora na Kigoma.

Watafiti waliokuwa wakiwafuatilia sokwe wa Budongo waliwaona wakila kinyesi cha popo kutoka kwenye uvungu wa mti. Si sokwe peke yao. Mbega na funo nao walifika hapo kula. Walipochunguza sababu, waligundua kwamba zamani sokwe walikuwa wanapata madini kama sodiamu na potasiamu kwa kutafuna kiini cha miwale iliyooza. Miwale hiyo ilikuwa imekwisha. Wakulima wa tumbaku kandokando ya msitu walikuwa wameivuna kwa ajili ya kamba za kufungia majani wakati wa kuyakausha. Wanyama wakalazimika kutafuta madini mahali pengine, na kinyesi cha popo kilikuwa nayo kwa wingi. Katika kinyesi hicho vilikutwa virusi vya aina 27, kimojawapo cha ukoo wa korona ambacho hakikuwa kikijulikana kabla.

Utafiti haukusema kwamba sokwe au mtu aliugua, na sitaki mtu aongeze hilo. Ninachokiona mimi ni kwamba mnyororo ulianzia kwenye kamba ya tumbaku, na hakuna mkulima hata mmoja aliyekuwa akifikiria popo alipokuwa anakata mwale. Sisi tunakata miti ya miombo kwa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, na wenzetu wa Kigoma wana sokwe wa Gombe na Mahale, na Gombe imepakana na mashamba.

Australia wameonyesha jambo la namna hiyo kwa ushahidi wa miaka mingi. Misitu inayotoa maua wakati wa baridi ilipokatwa, popo wakubwa walihamia mijini na kwenye malisho ya farasi wakitafuta chakula, na huko ndiko Hendra ilipovuka. Miaka ambayo misitu iliyobaki ilichanua vizuri, popo walirudi porini na maambukizi hayakuonekana. Kwa hiyo, ndugu Mjumbe, mkikata mwembe mnawaongezea popo sababu ya kusogea kwenye mapaa. Tena popo wa matunda ndio wanaobeba mbegu za mvule kwenda mbali, na maua ya mbuyu hufunguka usiku kwa ajili yao. Anayelilia mbao za mvule leo, awaache wapandaji wake.

Fundi Paa, Mwanga

Mimi nitaongelea dari tu, kwa sababu nimeshafanya kazi hiyo katika majengo kadhaa hapa mjini. Msipulize sumu. Popo watafia ndani, wengine wataanguka chini wakiwa hoi, na watoto ndio watakaowaokota kwa mikono.

Jioni kaeni watu watatu au wanne kuzunguka jengo, muangalie wanatokea wapi. Mara nyingi ni pale bati linapokutana na ubao wa pembeni, au chini ya kofia ya paa. Matundu mengine yote zibeni kwa wavu mgumu na saruji, tundu kuu liachwe, na juu yake mning'inize kipande cha wavu mwepesi kilichofungwa juu na pembeni, chini kikiwa wazi. Popo anayetoka huteleza chini na kuondoka, akirudi hapati njia. Baada ya wiki moja hivi, mkihakikisha hakuna anayetoka tena, ndipo mzibe tundu la mwisho. Kazi hii isifanyike wakati kuna vichanga wasioweza kuruka, kwani mama watafungiwa nje na watoto wataozea darini. Atakayepanda kusafisha alowanishe kinyesi kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini, asifagie kikavu, na avae barakoa nzuri, glavu na nguo za mikono mirefu.

Mjumbe wa Ujiji

Ninawashukuru sana, na nimeyachapa maelezo haya ili niyasome kikaoni. Yamebaki mambo mawili ambayo najua wazee watayauliza. Hao popo wadogo wa darini, wasiokula matunda, wana virusi gani? Na vijana wetu wanaochimba mbolea ya popo mapangoni kwa ajili ya bustani za mchicha, tuwaambie nini?

Daktari wa Mifugo, Kasulu

Wa darini kwanza. Mwaka 2018 nchini Sierra Leone viligunduliwa virusi vipya vya ukoo wa Ebola, vikaitwa Bombali, katika popo wadogo wanaokula wadudu na kulala kwenye nyumba za watu, wale ambao mkia wao huchomoza nje ya utando. Baadaye vilikutwa pia Kenya, kwa popo wa aina hiyo hiyo. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuugua Bombali. Kwa hiyo hakuna sababu ya kufunga shule, lakini ipo sababu ya kufuata ushauri wa Fundi badala ya kuwaacha watoto wachezee popo walioanguka.

Jambo ninalolihofia zaidi kwa popo wa darini ni kuumwa. Virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa vipo kwa popo wa Afrika. Kimojawapo kilipatikana katika mapango ya Shimoni, pwani ya Kenya. Huko Serengeti, mwaka 2009, fungo alikutwa na virusi vya jamii hiyo, vikaitwa Ikoma, na hadi leo watafiti wanashuku kwamba vilitoka kwa mnyama mwingine. Hapa kwetu kichaa hicho huletwa na mbwa karibu kila mara, ila mtoto akiumwa na popo, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama alama ni ndogo kama ya sindano.

Vijana wa mbolea ndio ambao ningewaweka mwanzoni mwa ajenda yako, kabla ya mwembe na kabla ya dari. Wao ndio wanaoingia mahali anapolala popo wa Marburg, wanakaa humo kwa saa nyingi, na wanashika mkojo, mate na kinyesi chake, vitu ambavyo virusi hutoka navyo. Zaidi ya virusi, vumbi la kinyesi cha mapangoni hubeba vijidudu vya fangasi viitwavyo histoplasma, ambavyo huingia mapafuni na kuleta ugonjwa unaofanana sana na kifua kikuu, na wapo wanaotibiwa kifua kikuu kwa miezi bila nafuu. Marburg haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa hadi sasa, na dalili zake huweza kuchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza. Kijana aliyeingia pangoni akashikwa na homa kali, maumivu ya kichwa na kutapika ndani ya wiki tatu, amwambie mganga wa zahanati kuhusu pango mapema, kabla hajaandikiwa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani, kwa sababu mganga asipoambiwa hatakuwa na sababu ya kumtenga wala kuagiza kipimo.

Maembe yaliyotafunwa na popo yasiliwe. Wapewe watoto maembe mazima, yaoshwe kwanza.